Juu ya Kupokewa kwa Maaskofu katika Unguja na Pemba

Jimbo lipatapo askofu mpya, kengele hulia, waamini hutoka kwenda kumlaki, na waandishi huhesabu majina ya maaskofu waliomtangulia. Katika nchi nyingi hayo yatosha. Lakini katika visiwa vya Unguja na Pemba, na hasa Pemba, liko swali moja litangulialo hesabu ya majina: Mgeni huyu ameingiaje? Alipiga hodi akakaribishwa, au alisukuma mlango? Nia yetu ni kuonyesha ya kuwa swali hilo ni la kale, na kwamba jibu lake limehifadhiwa ndani ya maneno ya Kiswahili tuyatumiayo kila siku pasipo kuyafikiri.

Tuanze na neno gereza. Neno hili limetoka kwa Wareno, nao walisema igreja, maana yake kanisa. Lilianza kuwa nyumba ya Mungu, likaishia kuwa nyumba ya kufungia watu. Limegeukaje hivyo? Wareno hawakujenga kanisa mbali na silaha. Ngome ya Yesu huko Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1593, na mapadre wa shirika la Mtakatifu Agostino walifanya kazi yao chini ya kivuli cha mizinga. Katika mji wa Unguja mambo yalikuwa dhahiri zaidi: Waarabu wa Oman walipokwisha kuwatoa Wareno walijenga boma lao mahali palipokuwa na kanisa, na kuta za kanisa zikaingia katika kuta za boma. Watu waliita boma hilo Gereza, na baadaye wafungwa wakawekwa humo. Basi neno halikupotoka kwa ujinga wa wenyeji. Lilifuata jengo, na jengo lilifuata mambo yaliyotendeka.

Pemba nayo ilikuwa na sehemu yake katika habari hizo. Kisiwa hiki, ambacho Waarabu walikiita Kisiwa cha Kijani, kina mvua na rutuba, na mchele wake ulilisha Mombasa. Aliyeshika Mombasa alitaka kuishika Pemba pia. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hasan, mtawala wa Mombasa, ambaye alilelewa Goa akabatizwa jina la Jeronimo, aliwageukia Wareno, akaitwaa ngome, na Wakristo wengi wakauawa. Twasoma habari hiyo na kuwaombea marehemu. Lakini sisi tulio walimu yatupasa kusoma pia fundisho lake. Ubatizo uliopewa ili utawala upate nguvu ulianguka siku ile utawala ulipochukiwa.

Lakini lugha ni hakimu mwenye haki, wala haikuhukumu yote kwa kosa moja. Neno padre nalo ni la Kireno, na maana yake ni baba. Nalo limebaki na heshima yake hata leo. Kadhalika meza, mvinyo na leso ni maneno ya Kireno, na hakuna ayachukiaye. Katika Pemba watu hucheza mchezo wa ng'ombe, na wengi husema asili yake ni Wareno. Wenyeji waliupenda, wakaufanya wao. Basi tazameni: jengo lenye mizinga likawa gereza, na mtu aliyeitwa baba akabaki baba. Kilichokataliwa si mgeni wala mali yake, bali ile namna yake ya kuingia.

Wala Wapemba hawakuwangoja Wareno ili wajue ubaya wa mtawala. Huko Pujini, upande wa mashariki wa Chake Chake, yako magofu ya boma lililojengwa karne nyingi zilizopita, nayo yaitwa ya Mkama Ndume. Wazee husimulia ya kuwa mtawala huyo aliwatesa watu wake, akawalazimisha kuchukua mawe vichwani huku wakijikokota kwa matako. Jina lenyewe lastahili kuangaliwa na wapenda lugha. Kukama ni kumtoa ng'ombe maziwa. Na ng'ombe dume hana maziwa. Mkama ndume basi ni mtu awakamuaye wanaume, atakaye maziwa hata pale yasipokuwapo. Padre asomaye jina hili atakumbuka sura ya 34 ya Nabii Ezekieli, ambamo wachungaji wanakemewa kwa kuwa walijilisha wenyewe wala hawakulilisha kundi. Nabii na wazee wa Pemba hawakujuana, lakini walimtambua mtu yule yule.

Sasa tuje kwenye mlango uliobishwa. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1860, Padre Fava, aliyetumwa na Askofu Maupoint wa kisiwa cha Réunion, alifika Unguja pamoja na mapadre wenzake na masista. Walikuwa Wafaransa, na hatusemi ya kuwa jina la taifa lao halikuwa na uzito mbele ya watawala. Lakini hawakuja na ngome. Walikuja mbele ya Sultani Majid bin Said, wakaomba kukaa, wakapewa ruhusa. Wakafungua hospitali na karakana za kufundishia kazi za mikono. Mwaka wa 1863 kazi ilitiwa mikononi mwa mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka wa 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana liko jambo ambalo wasifu wa mgeni na mwenyeji hauwezi kulifunika. Kundi la kwanza la Kikatoliki katika Unguja lilikuwa na watoto waliokombolewa utumwani. Hao hawakupiga hodi, wala hawakuvunja mlango, waliingizwa. Walitolewa kwao kwa nguvu, wakauzwa, wakanunuliwa, kisha wakafundishwa kusali katika lugha ambayo haikuwa ya mama zao. Nayo mashamba ya karafuu ya Pemba yalilimwa na watumwa kwa miaka mingi, mpaka amri ya mwaka wa 1897 iliyofuta haki ya mtu kumiliki mtumwa mbele ya sheria. Mwaka ule ule Marafiki, yaani Wakwekeri, walianza kazi yao karibu na Chake Chake kwa ajili ya watu walioachwa huru. Kwa hiyo asemapo mtu ya kuwa Wakristo wa visiwa hivi ni wageni, tumjibu kwa upole: wako wageni waliokuja, na wako wageni walioletwa, na deni la mwenyeji kwa hawa wa pili si dogo kuliko deni lao kwake.

Habari za maaskofu wenyewe twaweza kuzisema kwa ufupi. Mwaka wa 1883 nchi hizi zilifanywa Vikarieti ya Kitume, na Raoul de Courmont akawa askofu wake wa kwanza. Baada yake walifuata Emile Allgeyer mwaka wa 1897, John Neville mwaka wa 1913, John Heffernan mwaka wa 1932, na John McCarthy mwaka wa 1946. Wakati huo kazi ya bara ilikua upesi, reli ikavuta watu na misheni, na askofu aliyeitwa wa Zanzibar akawa na shughuli nyingi zaidi Nairobi na pande zake. Jina lilikuwa la kisiwa, mwili ulikuwa bara. Mwaka wa 1953 Vikarieti ile ikawa Jimbo Kuu la Nairobi. Na mwaka wa 1955 visiwa vikawekwa katika jimbo la Mombasa na Zanzibar, ambalo baadaye lilichungwa na Eugene Butler. Mwaka wa 1964, mwaka wa Mapinduzi na wa Muungano, Unguja na Pemba zilitengwa na Mombasa zikawa Usimamizi wa Kitume. Mwisho, mwaka wa 1980, Jimbo la Zanzibar likasimamishwa, na Bernard Ngaviliau akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka wa 1996 aliteuliwa Augustine Shao kushika nafasi yake. Maaskofu hawa wote tuliowataja walitoka katika shirika lile lile la Roho Mtakatifu.

Katika orodha hiyo Pemba imefichika. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo watu huliita Minara Miwili, liko mjini Unguja. Mpemba humpata askofu wake ng'ambo ya bahari. Na kundi la Pemba ni dogo sana. Sensa ya mwaka wa 2012 ilihesabu katika kisiwa hiki watu 406,848, na karibu wote ni Waislamu. Wakatoliki wake walikusanyika kidogo kidogo: Wagoa waliokuwa makarani na wafanya biashara, watu wa bara waliokuja kuchuma karafuu, kisha walimu, wauguzi, askari na watumishi wa serikali, ambao leo wako Wete na mwaka kesho wamehamishwa. Mwalimu wa dini akifundisha katika kundi kama hili hufundisha watoto ambao nyumbani husemwa lugha nyingi, na huenda asiwamalize kabla wazazi hawajafunga mizigo.

Kwa sababu hiyo kuja kwa askofu Pemba ni jambo kubwa kuliko hesabu ya watu wanaomlaki. Na kanuni za Kanisa zenyewe, tukizisoma kwa macho ya mtu wa pwani, zimejaa adabu ya hodi. Askofu mteule hawezi kushika jimbo kwa kuwa tu ametajwa. Afikapo kanisani hupokewa mlangoni; hupewa msalaba aubusu, na maji ya baraka ajinyunyizie mwenyewe na kuwanyunyizia watu. Kisha Barua ya Kitume iliyomteua huonyeshwa na kusomwa mbele ya mapadre na waamini, na habari huandikwa. Baada ya hayo yote ndipo aketipo katika kiti chake. Tazameni utaratibu huo: mlango kwanza, barua pili, kiti mwisho. Mzee wa Pemba ajuaye adabu hana la kuongeza, maana nyumbani kwake pia mtu hubisha, husema atokako, kisha ndipo atandikiwapo mkeka.

Hata majina ya cheo chake yafundisha hayo. Askofu ni neno lililotujia kwa Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Mashariki ya Kikristo, na asili yake ni Kiyunani: episkopos, mwangalizi. Mhashamu, kama tumwitavyo, lina mzizi mmoja na heshima. Na kanisa ni neno la Kiarabu pia, lenye asili ya mkusanyiko wa watu. Basi maneno tuliyoyachagua kwa ajili ya ibada yetu tuliyaazima katika lugha ya dini ya jirani zetu. Tuliwajia kwa maneno wayajuayo, na hiyo nayo ni hodi.

Hatusemi ya kuwa adabu huzuia kila ubaya. Mwezi wa Februari mwaka wa 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Unguja, siku ya Jumapili, alipokuwa akienda kuadhimisha Misa. Kilio cha siku ile hakijasahauliwa. Wako waliofikiri kwamba tangu hapo Kanisa lajilinde kwa kuta ndefu zaidi. Mtu akilinda uhai wake hatumlaumu. Lakini twawaomba ndugu zetu wakumbuke safari ya neno gereza: kanisa likijificha mno nyuma ya boma, watu husahau kwamba lilikuwa kanisa.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hulisoma neno hili kama karipio kwa mgeni mvivu. Sisi twalisoma kama ahadi, maana ashikaye jembe ana shamba, na mwenye shamba si mgeni tena. Wakristo wa Pemba wameshika majembe ya namna nyingi: wamechuma karafuu, wamefundisha shule, wameuguza wagonjwa wa kila dini. Askofu aliyewekwa juu yao, kila avukapo bahari na kushuka Mkoani, na afanye kama wao. Kabla ya kuingia kanisani kwake awasalimu wazee wa mji, abishe, angoje kuitikiwa. Atakapoitwa karibu, asiketi kama Mkama Ndume, atazamaye nini kitakamuliwa. Aketi kama baba aulizaye nani hajala.

Nanyi walimu, mwapo katika kuwaandaa watoto kumpokea askofu, wafundisheni nyimbo na maua, lakini msiache kuwafundisha pia habari za maneno haya mawili, gereza na padre. Yatoka kwa watu wale wale, yalikuja kwa majahazi yale yale. Moja lilipata laana na jingine likapata heshima, na Wapemba ndio waliochagua.