Kohoshi Nyeusi na Mama Anayekoma Hedhi

Kohoshi nyeusi, ambayo wataalamu huiita Actaea racemosa, ni mmea wa misitu yenye kivuli mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada. Hurefuka hata kumpita mtu, na maua yake meupe hujipanga kwenye kikonyo kirefu. Kinachotumika kama dawa ni mzizi. Wenyeji wa asili wa huko waliutumia tangu zamani, na mwaka 1875 Lydia Pinkham alianza kuuza dawa ya chupa ya wanawake yenye mzizi huo ndani yake. Ujerumani wanauza vidonge vyake tangu miaka ya 1950.

Huku kwetu haioti. Mama wa Kitengela akiambiwa unga huo umechimbwa porini Kajiado, ajue anauziwa kitu kingine. Wamaasai wana mizizi na magamba yao, kama osokonoi ya kifua na tumbo, na sisi wa Pwani twawajua vizuri maana hutuletea hadi mitaani Mombasa. Lakini hiyo ni elimu nyingine.

Je, yasaidia? Mwaka 2012 shirika la Cochrane lilipitia tafiti 16 za wanawake 2,027, lisipate ushahidi wa kutosha kwamba kohoshi hupunguza lile joto la ghafla kuliko kidonge kitupu. Wapo wanaoapa kuwa imewafaa. Siwabishii, ila hata kidonge kitupu huwapa wengine nafuu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ini. Mwaka 2006 Uingereza na Australia zilitaka onyo liandikwe kwenye vifurushi baada ya ripoti za watu kuugua ini. Ni nadra, na pengine lawama ni ya mimea mingine ya jamii hiyo kutoka Asia inayochanganywa humo, lakini mnunuzi atajuaje? Macho yakiwa manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, acha dawa, nenda hospitali. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini na anayetibiwa saratani ya matiti wasiiguse bila daktari. Kabla ya kulipa, uliza kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Na mama aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, asihangaike na mzizi wowote. Apimwe hospitalini, kwani yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi, nayo ikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika.