Aliyekwenda Kariakoo Hakurudi

Ndugu msomaji, Jumamosi iliyopita nilifanya jambo ambalo sisi wakazi wa Dar es Salaam hatuna desturi ya kulifanya. Nililipa fedha ili nitembezwe kwa miguu katika mji ninaoishi. Tulikuwa watu tisa, wageni saba na Watanzania wawili, na kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu aliyetuahidi kutuonyesha Dar es Salaam ya Vita Kuu ya Kwanza, enzi ulipokuwa makao makuu ya Wajerumani katika Afrika Mashariki.

Tulianzia mbele ya kanisa la Kilutheri la Azania, Kivukoni. Kanisa hilo lilijengwa na Wajerumani, nao walikuwa wamehamishia serikali yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kijana akatuelekeza tutazame mlango wa bandari, kisha akasema: vita ya 1914 ilifika hapa kwa njia ile.

Alisema kweli. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya vita kutangazwa Ulaya, manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliufyatulia mji huu mizinga. Shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo, mtambo uliowawezesha Wajerumani kuzungumza na meli zao baharini. Mimi ni mtu wa redio, na habari hiyo ilinigusa. Kumbe kitu cha kwanza kulengwa na mizinga ya vita hiyo katika mji wetu kilikuwa chombo cha kupelekea sauti. Wajerumani nao wakazamisha gati yao ya kuelea kwenye mlango wa bandari ili adui asipite.

Tukatembea kuelekea Magogoni. Kiongozi akatuomba simu zikae mifukoni, maana Ikulu haipigwi picha. Jumba lililokuwa pale awali lilikuwa makazi ya gavana wa Kijerumani. Lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza mwezi Novemba 1914, nao Waingereza hao hao ndio waliolijenga upya mwaka 1922, safari hii kwa ajili ya gavana wao. Mwenye nguvu hubomoa, kisha akajenga na kukaa yeye.

Hapo tukasimuliwa habari za manowari ya Kijerumani, Königsberg. Iliondoka bandari hii kabla vita havijaanza, ikaizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikakarabatiwa na kutumika vitani nchi kavu. Wageni walifurahishwa sana na kisa hicho. Mmoja akauliza mizinga ilikuwa na uzito gani. Hakuna aliyeuliza ni nani walioikokota.

Mwisho wa matembezi ulikuwa kwenye sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Kila mtu wa mji huu anaijua, na wengi tunaitumia kuagiziana tu: "Tukutane pale Askari." Ilizinduliwa mwaka 1927. Askari wa Kiafrika amesimama peke yake, singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Kabla ya Waingereza kuuteka mji mwezi Septemba 1916, Wajerumani walikuwa na sanamu yao hapa mjini, ya Hermann von Wissmann. Miguuni pake alikuwepo askari mweusi akimtazama bwana wake kwa kumwinulia macho. Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha, mara ya mwisho mwaka 1968.

Nilisogea kusoma maandishi ya sanamu yetu. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Maneno yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanatoa ahadi: atakayefia nchi yake, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Hapo kijana akatushukuru na kutuaga. Nikamfuata pembeni.

"Kijana, mbona hatufiki Kariakoo?"

"Mzee, Kariakoo hakuna cha kuona. Wageni wanataka majengo ya zamani. Kule ni maduka tu."

Sikumlaumu. Lakini sikurudi nyumbani. Nilivuka Mnazi Mmoja peke yangu nikaenda Kariakoo, na sababu yake nitawaeleza.

Nilipokuwa mtoto kule Morogoro, bibi yangu alikuwa na msemo kuhusu baba yake mkubwa. Alisema, "Yule alikwenda Kariakoo, hakurudi." Nami kwa akili za kitoto nilidhani babu huyo alikuja sokoni akapotea katika msongamano wa watu. Mara ya kwanza nilipoletwa Dar es Salaam niliogopa kuachia mkono wa baba. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa eneo hilo. Wenzetu wa Nairobi nao wanayo Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo.

Vita ile ilihitaji wapagazi kwa maelfu. Barabara hazikuwepo, na mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilipaswa kupanda kichwani mwa mtu, mzigo wa ratili 50 hadi 60. Mpagazi naye hula, hivyo kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo walivyohitajika wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wapagazi. Waliojiandikisha kwa hiari walikuwepo, lakini wengi walikamatwa vijijini mwao. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo, hadi kamanda wao Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa kwamba watu wanaokaribia milioni moja waliingizwa katika kazi hiyo, na zaidi ya 95,000 wakafa. Risasi haikuwa muuaji wao mkubwa. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, kwa kula unga usioiva, kulala kwenye mvua na kutembea bila kupumzika.

Majina yao yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi. Ni vema. Lakini radhi haiandiki jina la mtu kama hakuna anayelijua.

Nilisimama Kariakoo kati ya mikokoteni na vijana waliobeba marobota vichwani, nikajiuliza: je, mimi ninalijua? Nimehoji mawaziri na mabalozi. Nimemuuliza mtu bei ya korosho hadi senti. Bibi yangu alifariki mwaka 2003, na sikumuuliza kamwe jina la baba yake mkubwa. Ahadi ile ya pale Samora ilitolewa na mwingine, lakini wa kuitimiza nilikuwa mimi, na sikuitimiza.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi. Alinyamaza kwa muda, kisha akanitajia jina moja. La baba yake hakulikumbuka vizuri. Akauliza, "Mwanangu, mbona leo?" Sikuwa na jibu la maana. Nimeliandika jina hilo katika daftari langu, na shangazi ameahidi kuwauliza wazee waliosalia.

Ndugu msomaji, sisemi tusubiri serikali ijenge sanamu nyingine, wala simkatazi kijana yule kuonyesha majengo. Ninamwomba tu kwamba safari yake imalizikie Kariakoo, hata kama hakuna cha kupiga picha. Nawe leo jioni mpigie simu mzee wako mmoja. Muulize kama katika ukoo wenu yupo aliyekwenda Kariakoo asirudi, na kama yupo, aliitwa nani. Uwe na kalamu mkononi.