Mteremko wa Rangwe na hesabu ya 1961

Juzi nikiwa Rangwe, kaunti ya Homa Bay, nilimwona mama mwenye kiti cha magurudumu akivutwa kinyumenyume kupanda njia ya mteremko ya jengo moja la umma. Nikaomba tepu, nikapima: kimo sentimita 45, urefu mita 2.

Kipimo cha 1 kwa 12, kilichoandikwa Marekani mwaka 1961 kwa utafiti wa Timothy Nugent wa Chuo Kikuu cha Illinois, kinataka mita 5.4!

Sheria ya Kenya ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kurekebisha. Lakini anayekagua lazima afunzwe kupima: mteremko, upana wa mlango, choo. Kwa macho tu, na digrii yangu ya kompyuta, ule mteremko ningeupitisha.