Mjomba Wake Jin Yuko Wapi?

Wanaoandika habari za Morogoro huanza na reli iliyofika mjini mwaka 1907, wakapitia mashamba ya mkonge, na kumalizia na gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Sina ugomvi nao. Hayo yote ni kweli na yanastahili kuandikwa. Ila kuna jambo jingine ambalo vijana wengi wa mji huu wamekulia ndani yake, nalo halijapata mwandishi kwa sababu wazee huliona kuwa ni upuuzi: vibanda vya gemu, na hususan ule mchezo wa kupigana unaoitwa Tekken.

Kwa msomaji ambaye hajapata kushika pedi, nieleze kwa ufupi. Tekken ni jina la Kijapani lenye maana ya ngumi ya chuma. Kampuni ya Namco ya Japani iliutoa mchezo huo mwaka 1994 katika zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, na mwaka uliofuata ukaingia katika PlayStation, kile kijisanduku cha kuunganisha na televisheni. Toleo la nane limetoka Januari 2024. Hiyo ni miaka thelathini, na kwa muda wote huo kisa ni kimoja: ugomvi wa familia ya Mishima. Mzee Heihachi alimtupa mwanawe Kazuya korongoni mtoto akiwa na miaka mitano. Kazuya akapona, akakua, akarudi, akampiga baba yake na kumtupa korongoni vilevile. Mzee naye akapona, akarudi, akamtupa mwanawe katika volkeno. Kisha akatokea mjukuu, Jin, na hapo ndipo Morogoro ilipoanza kuwa na la kusema.

Kwanza niseme jinsi tulivyofika kwenye kibanda. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwaka 1973. Sisi wa Bara tulingoja mpaka mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo mtu wa rika langu alijifunza ngumi za Wachina katika majumba ya sinema, kwa Bruce Lee, na baadaye katika mabanda ya video, ambako mlitazama mkanda mkiwa mmebanana kwenye mabenchi. Filamu zilikuwa za Kiingereza au Kichina na wengi wetu hatukuelewa maneno. Ndipo ikaenea kazi ya wasimuliaji, watu waliotafsiri na kunogesha filamu juu kwa juu, kazi iliyokwisha shamiri kwa jirani zetu wa Uganda. Aliyevuma zaidi kwetu alikuwa Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake iliwekwa katika mikanda na kusambaa nchini. Msimuliaji hakufungwa na maneno ya filamu. Alimtania shujaa, alimwonya, alimfananisha na watu wa mtaani kwetu. Watazamaji wakazoea kwamba kisa cha kigeni hakijakamilika mpaka mwenyeji amekitia mkono.

Gemu zilipoingia mwishoni mwa miaka ya tisini, zilikuta mazoea hayo tayari yapo. Kibanda ninachokijua mimi kilikuwa Mji Mpya, chumba kimoja cha mbele cha nyumba ya Waswahili, televisheni mbili na pazia la khanga mlangoni kuzuia mwanga. Diski zilikuwa za kunakili, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ulilipa sarafu ya shilingi mia ukacheza. Ukishinda unabaki, ukishindwa unapisha na kurudi nyuma ya foleni. Ni desturi iliyofanya watu wengi zaidi wawe wanatazama kuliko wanaocheza, na mtu anayetazama bila shaka ataongea.

Toleo lililotawala lilikuwa la tatu, ambalo liliingia PlayStation mwaka 1998. Wachezaji walipewa majina ya kienyeji. King, mpiga mieleka aliyevaa kichwa cha mnyama, aliitwa Chui. Heihachi aliitwa Babu. Law alikuwa Bruce Lee tu, na hapo vijana hawakukosea, kwani aliumbwa kwa kumwiga Bruce Lee waziwazi, hata zile kelele zake. Na Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana akiwa kichwa chini miguu juu, alikuwa kimbilio la kila asiyejua kucheza, maana ukibonyeza ovyo vitufe vya mateke unaweza kumshinda fundi. Wengine walimpiga marufuku kabisa. Mtindo wake ni kapoera, uliozaliwa Brazil miongoni mwa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na nakumbuka mzee mmoja aliyekuja kumtafuta mjukuu wake akasimama mlangoni, akamtazama Eddy kwa muda, akasema: “Huyo hapigani, huyo anacheza ngoma.”

Sasa kisa chenyewe. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, machache, yakipita haraka. Kila mchezaji akimaliza mapambano yote alionyeshwa filamu fupi. Kutokana na vipande hivyo vijana walilazimika kuunga hadithi wenyewe, na walibishana juu yake kama watu wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Hili walikubaliana: Jin alilelewa na mama yake, Jun Kazama, mbali na watu. Baba yake hakuwepo. Mama alimwambia, likinipata la kunipata, nenda kwa babu yako Heihachi. Likampata. Kijana wa miaka kumi na mitano akaenda kwa babu mzaa baba, akafundishwa kupigana miaka minne, na alipomaliza kazi aliyotakiwa kuifanya, babu akampiga risasi.

Ubishi ulikuwa hapa: kwa nini mama alimtuma kule? Na zaidi ya hapo, mjomba wake Jin yuko wapi?

Anayeijua milima ya Uluguru anaelewa kwa nini swali hilo liliulizwa Morogoro. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake. Ardhi ya lukolo hupita kwa wanawake. Mwenye sauti juu ya mtoto ni kaka wa mama. Hata jina la Kingalu, chifu mashuhuri wa Kinole ambaye soko kuu la Morogoro limepewa jina lake, hurithiwa kwa upande wa mama. Wakaguru, Wakutu na Wazaramo nao mila yao ni hiyo. Lakini mji wetu ni njia panda. Pana Wachaga, Wahaya, Wasukuma na wengineo ambao kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Serikali ilipoandika sheria za mila mwaka 1963, ilichoandika ni mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Za upande wa mama zikabaki vichwani mwa wazee. Kwa hiyo katika kibanda kile, mtoto wa Matombo na mtoto wa Machame walikuwa wanatazama picha moja na kuona visa viwili.

Wa kaskazini walisema: kijana amerudi kwao, ni haki yake, ila babu ni mbaya. Wa milimani walisema: kijana hakurudi kwao, amepelekwa ugenini, na mabaya yaliyompata ndiyo yanayompata mtoto anayelelewa na wasio wa ukoo wake. Na ushahidi wao ulikuwa mzito, naukubali mpaka leo: anaitwa Jin Kazama. Haitwi Mishima. Jina alilobeba ni la mama.

Nilianza kuingia katika kibanda hicho mwaka 2002, na sikwenda kucheza. Dada yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuacha mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kumi na mitatu. Baba yake mtoto ni mtu wa kaskazini, mtu mwema, hakupata kumtupa mwanawe. Alitaka kumchukua akakae kwa wazazi wake, asome huko. Wazee wetu wa Mkuyuni walisema haiwezekani, mtoto ni wa lukolo, na shamba la mama yake linamngoja. Mimi ndiye mjomba. Pande zote mbili zilikuwa na haki kwa mila yao, na wote tulikuwa na simanzi, ambayo ni hali mbaya sana ya kufanyia majadiliano. Tulikutana mara tatu. Hakuna aliyemwuliza mtoto, kwa sababu mtoto haulizwi.

Jioni moja nilimfuata kibandani kumwita kula. Umeme ulikuwa umekatika. (Bwawa la Kidatu liko mkoani kwetu, na bado tulikaa gizani kama wengine, mgao wa mwaka 2006 ulikuwa mbaya zaidi.) Vijana hawakuondoka. Walikuwa wamekaa chini mbele ya televisheni iliyozima, wakisimulia. Giza lile liliwarudisha kwenye kazi ya msimuliaji. Nilisimama nyuma ya khanga nikasikia sauti ya mpwa wangu akisema kwamba mama yake Jin hakuwa mjinga. Alimtuma kwa babu kwa sababu babu alikuwa na nguvu, na mtoto aliyefiwa na mama anahitaji mtu mwenye nguvu. Lakini alikosa kumwambia jambo moja: aende, ajifunze, kisha arudi kwa Kazama. Mwenzake akamwuliza, “Arudi kwa nani, wakati mama hayupo?” Akajibu, “Kwa mjomba.” Wakacheka, kwa kuwa katika mchezo mjomba hakuwepo.

Katika kikao cha nne niliwaambia wazee na shemeji yangu maneno hayo, bila kutaja gemu. Tukakubaliana asome kwa baba yake, likizo za mwisho wa mwaka awe Mkuyuni, na shamba lisiguswe. Sidhani kama wangeafikiana nami kama wangejua nimeyatoa wapi.

Filamu zilizotokana na gemu hizi ni habari nyingine, na sitazipa nafasi kubwa kwani hazikutupa cha kubishania. Mortal Kombat ya mwaka 1995 ilipendwa sana, watu waliijua kabla hawajauona mchezo wenyewe. Ile ya Street Fighter ya mwaka 1994 ilipendwa kwa ajili ya Jean-Claude Van Damme peke yake. Filamu ya Tekken ilitengenezwa mwaka 2009, na ilipofika kwetu katika diski za mitaani vijana wa kibanda walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Waliitazama wakiwa na matumaini makubwa wakatoka wamenuna. Mama wa Jin anauawa mapema, na baada ya hapo ni ngumi tu. Kilichowachangamsha ni kumwona Heihachi: mwigizaji wake, Cary-Hiroyuki Tagawa, ndiye yuleyule aliyekuwa mchawi Shang Tsung katika Mortal Kombat. Wakaapa kwamba ni mtu mmoja, kwamba mchawi yule hakufa bali alihamia ukoo wa Mishima. Kama wasimuliaji wa zamani wangekuwa bado kazini, kisa hicho kingetoka kizuri kuliko filamu zote mbili.

Lakini michezo yenyewe iliendelea, na kwa namna ya ajabu iliendelea kuelekea milimani kwetu. Toleo la tano, lililoingia katika PlayStation ya pili mwaka 2005, lilileta msichana aitwaye Asuka, naye ni Kazama, ndugu yake Jin. Baba yake ana chuo cha mapigano cha ukoo wa Kazama. Mchezo haukufafanua udugu wao, ila Mji Mpya hawakuhitaji ufafanuzi: huyo baba ni kaka wa Jun, ndiye mjomba, amepatikana! Mpwa wangu alinipigia simu kunieleza. Tatizo ni kwamba mjomba mwenyewe alikuwa amepigwa na mtu aliyekuja kuvamia chuo chake, yuko hospitalini.

Kisha likaja toleo la saba, lililotoka katika mashine za sarafu mwaka 2015 na majumbani mwaka 2017. Humo ndimo Babu alipokiri kwa nini alimtupa mwanawe korongoni: mkewe, Kazumi wa ukoo wa Hachijo, alikuwa na damu ya shetani, na alitaka kujua kama mtoto ameirithi. Miaka ishirini na zaidi watu wamedhani shetani wa Kazuya ni wa kwa Mishima, kumbe ametoka upande wa mama. Wale waliokuwa watoto wa Matombo, sasa wana ndevu na mikopo benki, walishangilia kama wamefunga bao. Wale wa Machame walijibu, kwa haki kabisa, kwamba Jin shetani wake amempata kwa baba. Hoja hiyo haijafungwa.

Mwaka 2024, katika toleo la nane, Jun amerudi. Mpwa wangu anaishi Dar es Salaam sasa, ana mtoto wa kike anayesoma darasa la pili, na mihogo ya Mkuyuni bado analetewa. Alinipigia usiku, saa nne imepita, nikadhani kuna msiba.

“Mjomba,” akasema, “mama yake yu hai.”

Nikamwuliza kama yule wa hospitalini ametoka.