Watoto Waliopewa Kipaza Sauti: Redio na Vijana wa Sierra Leone

Wananchi wa Sierra Leone walipotaka kupiga kura mwaka 1996, waasi wa RUF waliwajibu kwa kuwakata mikono. Mkono ndio unaoshika karatasi ya kura, na kidole ndicho kinachotiwa wino. Waliokata walijua wanachokata. Na miongoni mwa waliobeba mapanga na bunduki katika vita ile walikuwamo watoto, wengine hawajafika miaka 15, waliotekwa vijijini kwao, wakapewa dawa za kulevya na kufundishwa kuua.

Vita vilianza Machi 1991 wilayani Kailahun, mpakani na Liberia, vikatangazwa kuwa vimekwisha Januari 2002. Watu zaidi ya 70,000 walisalimisha silaha, na kati yao zaidi ya 6,000 walikuwa watoto. Shule zilikuwa zimechomwa. Majirani waliotakiwa kuwapokea watoto hao ni wale wale waliopoteza mikono.

Mwaka 2000, vita vikiwa bado havijaisha, shirika la Search for Common Ground lilifungua studio mjini Freetown iitwayo Talking Drum Studio, kwa mfano wa ile iliyokuwa imeanza Liberia mwaka 1997. Kati ya vipindi vyake kimoja kiliitwa Golden Kids News. Hicho hakikuwa kipindi cha wakubwa kuwasemea watoto. Watoto wenyewe walikuwa watangazaji na waandishi wa habari. Walitoka na vinasa sauti kuwahoji wenzao juu ya shule, maisha ya mitaani na haki zao. Wengine walikuwa wamekimbia makwao, na wengine waliwahi kubeba silaha.

Kwa nini redio? Kwa sababu wengi hawakujua kusoma, na magazeti hayakutoka mbali na Freetown. Redio ndogo ya betri ilifika kila mahali, na Krio ni lugha inayowaunganisha watu wa nchi ile kama Kiswahili kinavyotuunganisha sisi. Baadaye vikaja vituo vya jamii mikoani, kama Radio Moa kule kule Kailahun.

Nikisoma habari hii namkumbuka Samweli. Tunapenda kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili jinsi alivyoitwa usiku, tukaishia hapo. Tunasahau kwamba ujumbe aliopewa mtoto yule ulikuwa hukumu juu ya nyumba ya mzee aliyemlea, na kwamba Eli, pamoja na udhaifu wake wote, alimwamuru aseme bila kuficha neno. Kumpa mtoto nafasi ya kusema si jambo la kufurahisha wageni siku ya sikukuu. Anaweza kusema tusiyotaka kusikia.

Hata hivyo redio inayopendwa na vijana si lazima iwe njema, na hilo tunalijua sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi. RTLM ya Rwanda ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilipiga muziki uliopendwa, watangazaji wake walitania, wasikilizaji walipiga simu. Vijana waliipenda. Kuanzia Aprili 1994 ilitaja watu wa kuuawa na mahali walipojificha. Hukumu ya waasisi wake wawili, Nahimana na Barayagwiza, ilisomwa hapa kwetu Arusha Desemba 2003. Rufaa iliwapunguzia adhabu, haikuwaachia huru. Wengi wa waliouawa walikuwa wamekimbilia makanisani, nao wauaji wengi walikuwa watu waliobatizwa. Katekisimo Ndogo inatufundisha katika Amri ya Nane kumtetea jirani na kumsemea mema. Mara nyingi tunaihubiri amri hiyo kana kwamba ni ya masengenyo ya kisimani tu.

Katika Sierra Leone Kanisa lilikuwa na sehemu yake. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliongozwa na Joseph Humper, Askofu wa Kanisa la Methodisti. Tume ilipokea ushuhuda wa watoto katika vikao vya faragha, na taarifa yake ya mwaka 2004 ilitolewa pia kwa toleo la watoto. Ilisema wazi kwamba kusukumwa pembeni kwa vijana ni moja ya mambo yaliyoleta vita. Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, alituonya juu ya neema ya bei rahisi, na nadhani hatari hiyo ilikuwapo: kumsikia mtoto aliyekuwa askari akisoma habari vizuri, tukadhani basi yamekwisha. Aliyekatwa mikono alikuwa akisikiliza redio hiyo hiyo. Yeye hakulazimika kusamehe kwa sababu kipindi kilikuwa kizuri. Ila alimsikia aliyekuwa adui akiuliza maswali badala ya kutoa amri, na kwa kuanzia, hilo si dogo.

Redio haikuwapa vijana kazi. Wengi waliendelea kuchekecha mchanga wa almasi kwa ujira mdogo, na wanasiasa waliendelea kuwakodi kufanya fujo.

Uchaguzi wa mwaka 2007 ulikuwa na vurugu zake. Mtandao wa vituo uitwao Independent Radio Network uliweka waandishi katika vituo vya kura, nao wakatangaza hesabu jinsi zilivyobandikwa, hivyo ikawa vigumu kuzibadilisha njiani. Christiana Thorpe, aliyewahi kuwa mtawa wa Kanisa Katoliki na wakati huo mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alifuta matokeo ya vituo 477 ambako kura zilizidi walioandikishwa. Chama tawala kilishindwa, na tarehe 17 Septemba Ernest Bai Koroma akaapishwa kuwa rais. Mtoto aliyekuwa na miaka 11 Golden Kids News ilipoanza alikuwa amefikisha 18, umri wa kupiga kura. Alitia kidole chake katika wino, akarudi nyumbani kusikiliza redio.