Historia ya Fizi iliyo ndani ya simu: kutoka ujumbe hadi ekspoze

Baraka, Fizi. Mwanafunzi wa sekondari akipewa ekspoze juu ya historia ya Fizi, siku hizi anaanzia kwenye simu. Anamwandikia kaka yake aliye Nyarugusu, anaomba msaada kwenye magrupu ya WhatsApp, anapiga picha kurasa za kitabu cha mwalimu, anarekodi sauti ya babu jioni. Wiki moja ikipita, simu imejaa. Siku ya kusimama mbele ya darasa anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, jinsi ulivyoingia. Wenzake wanatoka wakijua kwamba Che Guevara alipita huku, kwamba Kabila alikaa msituni, na kwamba raia waliteseka. Lini, wapi, nani alitangulia na nani akafuata, hilo hawakulisikia.

Tusiilaumu simu. Shida ya kugeuza maandishi ya haraka kuwa masimulizi yenye mpango ilikuwepo kwenye milima hii hii miaka mingi kabla ya simu, na mfano mkubwa kuliko yote ni wa huyo huyo Che.

Alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kufika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965, pamoja na kikundi kidogo cha Wakuba. Baadaye walizidi 100. Kwa kuficha majina yao walitumia hesabu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Kwa miezi saba Tatu aliandika kwenye daftari mambo ya kila siku: nani ameugua, nani hakufika, silaha gani zimepita ziwani, barua gani imeletwa. Aliandika Juni ile Mitoudidi, mmoja wa viongozi wa uasi, alipozama ziwani. Mwisho wa mwezi huo wakashambulia Bendera, upande wa Kalemie, palipo na kituo cha umeme. Wakuba wanne walikufa huko, na adui akaokota karatasi zao, pamoja na daftari la mmoja wao. Kwa maandishi hayo ilijulikana kwamba Wakuba wamo vitani. Jambo hilo litarudi mbele, maana linawahusu pia wanafunzi wa leo.

Mwisho wa Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa mashua, na Oktoba wakaingia Fizi. Tarehe 21 Novemba Wakuba wakavuka kurudi Kigoma.

Sasa angalia alichofanya Tatu. Hakuchapisha daftari lake kama lilivyo. Alijifungia kwenye ubalozi wa Kuba huko Dar es Salaam, akalifungua daftari, akapanga barua alizopokea kando ya siku zilipofika, akatengeneza sura moja moja: kufika, mwezi wa kwanza, kifo cha Mitoudidi, Bendera, kuvunjika kwa safu. Barua nyingine aliziingiza nzima ili msomaji aamue mwenyewe. Mwishoni akaweka sehemu ya kupima makosa, ya wengine na yake. Na tangu mwanzo anamwambia msomaji kwamba hii ni habari ya kushindwa. Kitabu kilikaa miaka mingi bila kutolewa. Kwa ukamilifu kilionekana mwishoni mwa miaka ya 1990.

Katika makosa yake mwenyewe anataja moja ambalo kila mwanafunzi wa Fizi angepaswa kulikoleza rangi: hakujifunza Kiswahili vya kutosha. Na wakubwa aliongea Kifaransa, kikamtosha, na kwa hiyo akabaki mbali na wapiganaji wa kawaida. Hoare naye aliandika kitabu chake, kilichotoka 1967, kwa Kiingereza. Basi vita vya 1965 vya Fizi na Baraka vinajulikana duniani kwa madaftari ya wageni wawili waliopigana upande tofauti. Akina mama waliokimbilia milimani na watoto, wavuvi waliovusha watu usiku, vijana waliobeba masanduku ya risasi kupanda kutoka Kibamba: wengi wao wamo humo bila jina.

Hapo ndipo ekspoze ya mwanafunzi wa Baraka inapokuwa na kazi ambayo kitabu cha Che hakikuiweza. Yeye anajua Kiswahili, na wengi wanajua Kibembe. Lakini sauti ya babu isipopangwa itaishia kama ujumbe mwingine wowote: simu ikianguka majini, imekwisha.

Walimu wa historia wanaopenda kazi yao huanza na mfululizo wa miaka, maana ndipo wengi wanapoteleza. Uasi ulianza bonde la Ruzizi na Uvira mwaka 1964. Wakuba walikuja 1965, si 1964. Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa kiongozi katika uasi ule, alianzisha chama chake cha PRP Desemba 1967, akawa na maquis milimani Fizi kwa miaka mingi. Vita vya AFDL ni vya 1996, na alikuwa rais Mei 1997. Mwanafunzi akiambiwa na mzee "wakati wa Kabila", lazima aulize: Kabila wa mwaka gani? Vilevile "wakati wa Mulele" kwa wazee wa huku ni uasi wote wa 1964 na 1965, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alipigana mbali, Kwilu. Na anayetafuta Kalemie kwenye maandishi ya wakati ule hataipata, kwa sababu iliitwa Albertville.

Simu nayo ina mtego wake. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hubeba tarehe ya siku ilipotumwa. Picha ya 1965 ikifika Jumanne, simu itaandika Jumanne. Asiyejua hilo atapanga historia kwa siku za kupokea ujumbe. Kwa hiyo kila kitu kinachohifadhiwa kinahitaji maneno manne au matano ya mwanafunzi mwenyewe: jambo, mahali, mwaka wa tukio, nani alisema. Kwa sauti ni rahisi zaidi. Kabla babu hajaanza, mwanafunzi aseme kwenye rekodi tarehe ya leo, mahali walipo, na kijiji ambacho mzee alikuwa anaishi wakati ule. Aombe ruhusa, kwa heshima, na asimkate mzee anapozunguka; mara nyingi jibu liko kwenye mzunguko huo.

Halafu kuna kupanga, na hapa kaye ya kawaida inasaidia kuliko simu. Ukurasa mmoja kwa mwaka mmoja. Kila ujumbe na kila rekodi inapata mstari mmoja kwenye ukurasa wake. Kurasa zikijaa, mwanafunzi anaona palipo na maneno mengi na palipo patupu, na huko patupu ndiko aende kuuliza tena. Ekspoze ya dakika 15 haibebi miaka 30. Swali moja linatosha: Baraka ilipochukuliwa mwaka 1965, wakaaji walikimbilia wapi?

Kuhusu ukweli wa maneno, kuna kipimo ambacho wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikitumia kwenye Ripoti ya Mapping, iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010. Walichunguza uhalifu uliofanyika Kongo toka Machi 1993 hadi Juni 2003, wakaongea na mashahidi zaidi ya 1,280, wakaorodhesha matukio 617. Tukio liliingia likiwa na angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Kaka wawili waliosoma ujumbe mmoja ni chanzo kimoja. Mauaji ya Makobola yamo, na yanafundisha kitu kingine: yalianza tarehe 30 Desemba 1998 na kuendelea hadi mwanzoni mwa Januari 1999. Mashahidi wawili wanaotaja miaka tofauti wanaweza wote kuwa wakweli. Kabla ya kumfuta mmoja, mwanafunzi aulize kila mmoja alikuwa upande gani wa kijiji, na siku gani.

Kwa vita vya karibuni, hapo kumbuka daftari la Bendera. Simu hufunguliwa kwenye bariera. Rekodi yenye jina la shahidi na jina la kikundi chenye silaha inaweza kumuumiza aliyesema na aliyebeba. Mwanafunzi wa familia iliyokimbia anaweza kuchagua somo la zamani zaidi, au kuandika "mama mmoja wa Moyens Plateaux" na kuliacha jina kichwani. Mwalimu hapaswi kumpunguzia pointi kwa hilo.

Na wale walio mbali? Mwaka 1965 kijana Mkongo aitwaye Freddy Ilanga alipewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Vita vilipoisha alipelekwa Kuba, akidhani ni kwa muda mfupi. Akasomea udaktari huko na kukaa karibu miaka 40 bila habari za nyumbani, hadi siku simu ilipolia kutoka Bukavu, kwa watu wa familia yake. Baadaye alisimulia miezi ile saba, na leo masimulizi yake ni kati ya machache ya Mkongo aliyekaa karibu na Tatu kila siku.

Aliyekuwa na umri wa miaka 15 Baraka ilipochukuliwa sasa amepita 70. Wengine wako mjini hapa, wengine Lusambo na Mboko, wengine Nyarugusu toka 1996. Mzee asiyeshika simu ana mjukuu anayeishika, na ujumbe wa sauti wa dakika tano unatumia mega chache tu.