Hineni

Hineni (Kiebrania: הנני) ni neno la kuitikia mwito katika Biblia ya Kiebrania. Limeundwa na hinne, "tazama", pamoja na kiambishi cha nafsi ya kwanza. Tafsiri ya Union Version husema "Mimi hapa", ingawa Kiebrania chenyewe hakitaji mahali: anayeitika haonyeshi alipo, anajitokeza aonekane. Rashi, mfafanuzi wa Troyes (1040–1105), aliliita neno la unyenyekevu na utayari. Kwa Kiswahili liko karibu zaidi na abee au labeka kuliko "ndiyo", maana aitikaye hajajua anaitiwa nini.

Katika Mwanzo 22 Abrahamu analitamka mara tatu: kwa Mungu, kabla hajaamriwa kumtoa mwanawe, kwa Isaka, njiani, kijana kajitwika kuni na baba kashika moto na kisu, kisha kwa malaika, kisu kikiwa tayari mkononi. La kati ndilo zito. Neno alilomwitikia Mungu ndilo analomwitikia mtoto anayetaka kujua mwanakondoo yuko wapi.

Kuitika si kukubali. Musa aliitika penye kijiti kilichowaka (Kutoka 3:4), halafu akaleta udhuru juu ya udhuru mpaka akaomba atumwe mwingine. Isaya alisikia kwanza Mungu akitafuta wa kumtuma, akajitolea bila kuuliza ujumbe (6:8). Nao ulikuwa mchungu.

Kisa cha Samweli kina kichekesho chake. Ni usiku huko Shilo, taa ya Mungu haijazimika, macho ya kuhani Eli yamefifia. Mara tatu kijana anaitwa, mara tatu anamkimbilia mzee, naye mzee anamrudisha akalale. Ukihesabu, sura ya 3 ya Samweli wa Kwanza ina hineni 5, na zote Samweli alimkusudia Eli. Alipotambua ni nani amwitaye hakumwitikia kwa neno hilo. Alisema tu kwamba mtumishi anasikia. La mwisho ni la asubuhi, Eli alipomwita amweleze yote, nayo yalikuwa habari ya maangamizi ya nyumba ya Eli mwenyewe.

Mungu naye huitika. Katika Isaya 58:9 anaahidi kumjibu hivyo amlishaye mwenye njaa, na katika 65:1 analisema mara mbili mfululizo, kwa taifa lisilomwita.